Kikohozi cha Nukta Kumi na Moja

Jumatatu, 3 Machi

Programu imekufa. Asubuhi kompyuta ilijisasisha bila kuniuliza, na ilipoamka haikuitambua tena. Nabofya — dirisha linafunguka, linafungika, kama mtu aliyetaka kusema jambo akaghairi.

Miaka mitano nimeitumia programu hiyo kuandika maneno chini ya video, ili mume wangu ayasome. Homa ilimchukua masikio yote mawili. Tangu hapo sauti ya kila ndugu humfikia kupitia vidole vyangu. Mimi ananielewa kwa kunitazama mdomo, na nikichoka nina ubao wa kufutika pale mezani. Lakini watu wa kwenye video, hapana. "Midomo yao ni midogo mno," husema, kwa sauti kubwa ya mtu asiyejisikia.

Nilipomwandikia habari hii ubaoni alishika kichwa. "Sasa akituma nyingine nitajuaje kama anaendelea vizuri?"

Anamsema mdogo wake, shemeji yangu, aliyebaki kule tulikotoka. Tiketi ya Fundi — ndivyo ninavyomwita mume wangu, fundi saa — ni ya tarehe 20. Miaka thelathini na sita hawajaonana, halafu tiketi! Sanduku liko koridoni tangu wiki iliyopita, limefunguliwa kinywa. Juu kabisa ameweka sweta nzito ya sufi aliyomnunulia mdogo wake. Kwa ajili ya kifua.

Siwezi kulitazama sanduku lile.

Jumanne, 4 Machi

Kitinda amepiga simu. Binti yetu wa mwisho, ndiye anayejua mambo haya — kazini kwao hutengeneza video za kufundishia wafanyakazi wa viwandani.

"Mama, bado unatumia ile ya enzi za Nuhu? Hata Nuhu angeiacha nje ya safina."

Amenitajia tatu. Ya kwanza ni ya bure, inakaa kwenye kompyuta yako, unaandika mwenyewe kila kitu. Ya pili iko mtandaoni, unaipelekea video yako huko. Ya tatu inasikiliza yenyewe na kuandika yenyewe. Unaipa video, unakwenda kuosha vyombo, ukirudi maneno yako tayari.

"Kiswahili inakijua?"

"Kuliko mimi, Mama."

Hilo si jambo la kujivunia, nikamwambia. Akacheka. Mimi pia nilicheka, lakini jina la ile ya tatu sikuliandika.

Fundi amesema tuzijaribu zote tatu kwa video moja, ndipo tulinganishe kwa haki. Ndivyo alivyokuwa akipima saa: zote kwa saa moja kuu ya ukutani. Video gani? Ile ya Januari, ya mdogo wake. Nikapendekeza ile fupi ya mjukuu anayekimbiza mpira. "Ya mdogo wangu," akasema. "Ile nimeizoea."

Alhamisi, 6 Machi

Nimeijaribu ya kwanza. Sura yake ni kama meza ya fundi bomba: kila chombo kipo na hujui kilipo. Lakini nimeipenda. Inaichora sauti kama safu ya vilima, unaona neno linapoanzia kupanda na linapoishia. Unakamata mwanzo, unakamata mwisho, unaandika katikati. Unaweza kuweka kikomo cha kasi. Nimeweka herufi kumi na mbili kwa nukta moja, maana Fundi husoma polepole. Ukizidisha, mstari unageuka mwekundu. (Fundi hasemi sekunde. Mafundi saa wa zamani husema nukta. Na mimi nimeambukizwa.)

Nimefanya dakika nne bila shida. Paa jipya. Shule iliyojengwa upya. Orodha ya waliofariki, aliyoisoma kama mwalimu anayeita mahudhurio. Halafu vilima vya dakika ya nne na nukta kumi na mbili. Nikaondoa mikono kwenye kompyuta.

Niandike hapa, kwa kuwa hakuna pengine pa kuandika.

Desemba, Fundi alimtumia mdogo wake video, akamwambia: tutaonana kabla hatujafa, nitakuja. Jibu lilikuja Januari kwenye simu yangu. Pale dakika ya nne shemeji aliacha kuitazama kamera kama anamtazama kaka yake. Alinitazama mimi. Akasema:

"Shemeji, haya sasa ni yako. Yaandike kama yalivyo. Nilimzika baba peke yangu, nikamzika mama peke yangu. Nimezoea kutokuwa na kaka. Mwambie asije."

Nukta kumi na moja. Kisha akarudi kwenye habari za mvua.

Mimi ni msahihishaji wa prufu. Miaka kumi na tisa kiwandani kwa wapiga chapa, kabla ya kukimbia. Sijawahi kumwondolea mwandishi hata mkato wake, awe mjinga kiasi gani. Fundi aliniita Bi Nukta hata kabla hatujaoana. Na siku ile ya Januari nilikaa mbele ya nukta kumi na moja, nikaandika neno moja, ndani ya mabano:

(Anakohoa.)

Nilidhani nimemwekea kitambaa juu ya kidonda. Fundi alipolisoma aliirudisha video mara mbili. "Nukta kumi na moja! Hicho si kikohozi cha mchezo." Siku ya tatu alikwenda kukata tiketi. Alikataa tumwarifu mdogo wake, asije akahangaika na maandalizi huku ni mgonjwa.

Nimemfukuza mtu kwa kumhurumia — hapana, kinyume. Nimemsukuma aende palepale alipoambiwa asiende.

Ijumaa, 7 Machi

Ya pili, ya mtandaoni. Rahisi, herufi nzuri. Lakini inataka niipakie video huko kwao, na uso wa shemeji ukae kwenye mashine nisiyoijua, katika nchi nisiyoijua. Mtu aliyeniamini mimi, nimpeleke kwa wageni!

Nimeifunga. Nimesoma tena nilichoandika hapo juu kuhusu kuaminiwa. Basi.

Jumapili, 9 Machi

Kitinda amekuja, ameketi na kompyuta mapajani, ameweka ile ya tatu. Baba yake alimsimamia nyuma ya bega kama mkaguzi.

"Hii," Kitinda akamwambia, akitamka taratibu amsome mdomo, "haichoki, hailali, haisahau."

"Basi ni kama mama yako," Fundi akasema.

"Ila hii haigombi."

Wakacheka wote wawili, kicheko kilekile, na mimi nikaenda kutazama sufuria lisilohitaji kutazamwa. Kitinda alitaka kuiendesha palepale. Nikasema chakula kinapoa. Baada ya chakula nikasema mvua inakuja, atachelewa. Mlangoni alinishika mkono: "Mama, una nini? Ni safari ya Baba? Atakwenda, atarudi."

Nilimwambia ninaogopa ndege. Tangu Januari nimekuwa hodari.

Jumatatu, 10 Machi

Fundi amekwenda kwa kinyozi, kujipamba kwa safari. Nikaipa ile ya tatu video. Nilitaka ishindwe. Mungu anisamehe, niliiombea ishindwe.

Mwanzoni nilifurahi. Paa la bati iliandika "paa la bata". Marehemu wawili ikawaunganisha wakawa mmoja. Hakuna nukta, hakuna mkato, sentensi zimeshikana mikia kama punda. Nikaanza kupanga maneno ya kumwambia Kitinda: unaona? Kazi ya mtu ni ya mtu.

Halafu dakika ya nne na nukta kumi na mbili. Maneno yote. Hakuna lililokosewa. Salamu iliziharibu, misiba ikaivuruga, lakini hayo iliyapiga safi, kwa sababu shemeji aliyatamka polepole na kwa uwazi. Aliyatamka ili yaandikwe.

Nikauchagua mstari, nikabofya futa. Mashine ikauliza: una uhakika?

Ikauliza yenyewe! Miezi miwili hakuna aliyeniuliza.

Nikabofya ndiyo.

Fundi alirudi kichwa kinang'aa, ananukia poda. Akaniuliza imekuwaje. Nikaandika ubaoni: Imeandika paa la bata. Alicheka mpaka akakaa. Kisha akasema, "Lakini macho yako yamechoka, Bi Nukta. Iache iandike, wewe uweke nukta zako baadaye."

Nikaandika: Nitafikiri.

Jumatano, 12 Machi

Siku nane kabla ya ndege. Amenunua dawa ya kifua, chupa mbili. Amezifunga kwenye soksi zisivunjike.

Nimejaribu kumwambia mara mbili. Mara ya kwanza alikuwa ananitazama, na nikatazama pembeni, kwa hiyo hakuona. Mara ya pili nilishika kalamu ya ubao. Nikaandika: Chai?

Alhamisi, 13 Machi

Nimemkuta mezani na kishikwambi, ile video ya Januari yenye maandishi yangu ya zamani, na pembeni yake ile saa yake ya mkononi ambayo haijapoteza hata nukta mbili kwa mwaka. Kioo chake cha kazi kimebanwa jichoni, kama yuko kwenye kibanda chake cha saa pale kituoni, kabla macho hayajamstaafisha.

Hakugeuka. Alijua nimesimama mlangoni. Tangu masikio yafe, mgongo wake unasikia.

"Mtu akikohoa mabega hupanda," akasema. "Umewahi kuona anayekohoa mabega yametulia?"

Hakuna alichoweza kukisoma mdomoni mwangu, hakuwa akiutazama. Akaendelea:

"Huyu mabega yake hayapandi. Na hapa amekutazama wewe. Mimi ndiye kaka yake, video ni yangu, na kwa nukta kumi na moja anakutazama wewe."

Alikitoa kioo jichoni, akakifuta, akakirudisha kwenye kiboksi chake. Polepole. Ndipo akanigeukia.

"Ile programu inayosikiliza yenyewe. Iko kwenye kompyuta?"

Nikatikisa kichwa kukubali.

"Sitaigusa," akasema. "Jumamosi nionyeshe utakayoichagua."

Kula tulikula. Alisifu hata mboga. Ni mtu ambaye alipofungua saa ya mteja na kukuta imeharibiwa na fundi mwingine, hakuwahi kumtaja fundi huyo.

Ijumaa, 14 Machi

Hapana.

Baadaye: Ndiyo. Lakini kwa mkono wangu. Si kwa mashine. Neno lile aliniachia mimi, aliniita kwa cheo changu, shemeji. Ikiwa litamfika Fundi, litoke kwangu, na nukta zake zote.

Na utetezi nilio nao ni huu tu: kwamba ningeweza kuliacha liandikwe na kitu kisichomjua, kisha nikaigiza mshangao pamoja naye, na sikufanya. Niliwaza hivyo leo asubuhi. Kwa dakika nzima niliwaza hivyo.

Jumamosi, 15 Machi

Nimechagua ya kwanza, ile ya vilima.

Tangu asubuhi niko kazini. Nimefuta mabano. Nimeyaandika maneno kama yalivyosemwa, na mstari ukageuka mwekundu: mrefu mno kwa kikomo nilichoweka. Programu ikapendekeza nipunguze. Nimekaa nikiutazama wekundu ule. Ningeweza kuondoa "peke yangu" moja. Msahihishaji yeyote angeiondoa, imerudiwa. Nimeuacha uwe mwekundu. Nimekata vipande vitatu, kila kimoja mahali alipovuta pumzi, na cha mwisho nimekiacha kikae kwenye kioo hadi nikiondoe mwenyewe: Nimezoea kutokuwa na kaka. Mwambie asije.

Saa nne nimemwita — nimeizima na kuiwasha taa ya chumbani kwake mara mbili, ndiyo hodi yetu. Amekuja. Amevaa ile sweta. Ya mdogo wake, ya sufi, ya kifua, ameitoa sandukuni na kuivaa mwenyewe, siku yenye jua kama hii. Mikono imemzidi.

Aliketi. Alitazama paa, shule, akawasoma marehemu mmoja mmoja, midomo yake ikitembea. Ilipofika dakika ya nne na nukta kumi, alinyoosha mkono akafunika sehemu ya chini ya kioo kwa kiganja chote. Maneno yakapita chini ya mkono wake na hakuyaona.

Video ikasimama pale nilipoisimamisha: uso wa shemeji juu, kiganja cha Fundi chini.

"Rudisha," akasema.

Nikarudisha. Akafunika tena.

Nikamgusa bega, nikasema, taratibu, anione: Fundi, yako hapo. Nimeyaandika yote.

"Najua. Acha kwanza nimtazame."

Sasa ni mara ya nne. Nimechukua daftari hili kwa sababu mikono yangu haina kazi nyingine. Sweta inamtoa jasho, naliona linashuka shingoni. Kiganja kiko palepale juu ya kioo. Anamtazama mdogo wake mabegani, machoni, mdomoni — na kidole chake kidogo, cha mwisho kabisa, kimeanza kunyanyuka.