Baba Ameota Ndevu

Nairobi, Jumapili

Baba yangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka kwa mwanao. Vipi mgongo, unakuacha ulale? Nafaka ya wimbi imeingia ghalani? Mimi ni mzima, ila nina jambo la kukustaajabisha. Dada Moraa anayekusomea asome polepole, wala asinicheke kwa kukuita Baba ndani ya Kiswahili. Sisi Wagusii mama ndiye tumwitaye Baba, na neno hilo ndilo lililonifikisha kwa wakili.

Unajua nachora hadithi za picha katika gazeti la kampuni moja hapa. Miaka mitatu nimekuchora wewe, na kitambaa chako na pengo lako la jino, ukibishana na makarani wa soko. Chini naandika "Baba". Laiti ungeiona mashine ya kupiga chapa! Inatikisa sakafu, na kila ikihema unatoka wewe, wewe, wewe, mpaka natamani kuvua kofia. Baadaye kampuni ikakutia kwenye pakiti za majani ya chai, kalenda na viberiti bila kuniuliza. Mimi nikabaki kushangaa tu ulivyofika mbali.

Nilipokuja likizo nikakuchora kwenye ukuta wa shule ya Magwagwa, watoto wajifunzie kusoma. Kampuni ikasikia. Ikaja barua ya wakili wao: picha ifutwe, nami nisichore uso ule tena maisha yangu yote, la sivyo kortini.

Nilikwenda ofisini kwake na koti la kuazima. Chumba kile kina vitabu vyekundu kutoka sakafuni hadi darini. Nilijiona nimepungua kimo. Wakili akasoma karatasi niliyotia sahihi siku ya kuajiriwa, bila kuielewa: "Mhusika aitwaye Baba, mzee wa kiume mwenye watoto, ni mali ya kampuni."

Nikauliza, "Mzee gani huyo, bwana?"

Meneja wa kampuni, aliyeketi kando yake, akaweka gazeti mezani. Kumbe wakili hakuwahi kuliona. Akavaa miwani.

"Na huyu mama ni nani?"

"Ndiye Baba, bwana."

"Wacha mchezo."

"Si mchezo. Ni mama yangu. Kwetu tunamwita hivyo."

Wakatazamana. Wakubwa wazima wakainamia picha yako, na wewe uko zako shambani Magwagwa hujui lolote. Kisha wakaleta karatasi nyingine, safari hii imeandikwa "mama". Nitie sahihi au niache kazi. Nikairudisha kalamu mezani.

Basi sina kazi, na ninaogopa. Jina wamebaki nalo. Mchoraji mpya amemtia Baba ndevu na kiko, kwa hiyo mtu akikuambia umeota ndevu, usigombane naye. Uso wako haumo katika karatasi ya mtu.

Nisalimie mjomba mchongaji wa Tabaka, shangazi wa Birongo, na mwalimu wa shule. Mwambie asifute ukuta.

Jana nilikaa nikuchore, kwa mara ya kwanza bila bwana juu yangu. Nikakwama kwenye pengo la jino. Nimepekua magazeti yote: mengine yanalionyesha kushoto, mengine kulia. Miaka mitatu nimekuwa nikinakili michoro yangu mwenyewe. Usimwambie Moraa aniandikie ni upande gani. Nakuja nikutazame.

Mwanao,
Ombati