Nyimbo za Yaya Chini ya Mvua

Kabambare, Jumanne

Kompyuta imeganda tena. Bareti mbili, vile vibao vidogo vya memori vya kuchomeka ndani, zilizoletwa kwa pikipiki kutoka Kasongo hazikubali kwenda pamoja kwa kasi iliyoandikwa juu yazo. Nikitumia moja, memori haitoshi. Nikipunguza kasi, kompyuta inatulia, lakini betri ya sola inakwisha kabla kazi haijafika nusu.

Nataka kuondoa kelele ya mvua katika nyimbo za matanga nilizomrekodi yaya, dada yangu mkubwa, akiimba kwa Kibangubangu. Aliziimba wakati wa mvua kubwa kwa kusudi, ili majirani wasidhani kwamba tuna msiba. Sasa ugonjwa umemnyima sauti, naye anataka kujisikia kabla ya...

Sina mbinu nyingine ya kujaribu.

Jioni alininong'oneza: "Mudogo wangu, utapigana na hiyo masini mpaka lini? Weka tu na mvua yake. Masikio yangu iko mazima."

Nikamwekea. Ndani ya rekodi mabati yalinguruma kwa mvua, sauti ikapita kwa mbali. Alisikiliza sana, kisha akauliza: "Huyu mama mwenye anaimba ni nani?"

Nilimwambia ni yeye. Hakuniamini.