Mgongo wa Batuli

Jumatatu, 5 Juni 1961

Nimemkanda Batuli baada ya sala ya alfajiri. Kifudifudi mapajani, mafuta ya nazi yamepashwa kidogo. Vidole gumba viwili kandokando ya uti wa mgongo, toka shingoni hadi kiunoni. Bega la kushoto bado limekaza. Pumzi imeshuka upesi leo. Kanywa uji, kenda kuwasumbua kuku.

Mwaka wa nne huu. Zena, mdogo wangu, alimleta mwanawe huyu hapa Mtongwe akiwa hata hajasimama dede. Alikuwa hashikiki. Kikombe kikianguka hutetemeka mwili mzima, ngumi kazifumba, halali usiku wala mchana. Daktari wa mjini kisiwani alisema ni mishipa ya fahamu, akatoa dawa ya maji. Zena alikuwa na mimba nyingine, kachoka hoi. Akanambia, "Dada, mchukue wewe. Una mikono ya mama." Mama yetu alikuwa mkandaji wa watoto. Mimi sikujaliwa mtoto.

Sasa analala. Ni dawa au ni mikono, Mungu ndiye ajuaye. Mimi ananiita Mama. Zena anamwita Mama Changamwe, kwa kule akaako.

Ijumaa, 9 Juni

Zena kaja na mumewe. Nimewapikia wali na samaki wa kupaka, mjinga mimi, nikidhani ni ziara tu. Baada ya kula shemeji kasafisha koo. Mtoto kapona, arudi kwao akazoeane na nduguze. Ahsante nyingi. Kaniletea jozi ya leso. Sikuifunua.

Kapona! Kama cherehani iliyopelekwa kwa fundi.

Jumapili, 11 Juni

Wamemchukua jana, wamwone atakavyokaa. Nyumba haikaliki.

Nimeomba dua mbaya. Nimeomba ashtuke, atetemeke, wamrudishe.

Jumatano, 14 Juni

Wamemrudisha. Tangu Jumamosi hakulala sawasawa. Macho mekundu, ngumi zimefumbwa, mgongo mgumu kama ubao. Feri ilipopiga honi alijikojolea.

Dua yangu imepokewa. Najiona mchawi.

Nimemkanda mpaka mikono ikafa ganzi. Zena kakaa kizingitini akilia. Hakunikasirikia. Ningefurahi angenikasirikia. Kasema tu, "Nifundishe, dada. Nami ni mamake."

Nimejifuta mafuta mikononi. Halafu nimemwambia aje akae karibu.

Jumamosi, 17 Juni

Zena yuko hapa bado. Mikono yake ina haraka, abonyeza kama anayekanda unga wa chapati. Nimemshika vidole nikamwongoza. Polepole. Sikiliza pumzi yake kwanza. Usipite juu ya mfupa, pita kando. Ameshika upesi kuliko nilivyotaka.

Lakini Batuli akiguswa naye hukakamaa, akanyosha mkono akakamata nguo yangu. Nilifurahi. Zena kaniona nikifurahi. Haya iliyonishika siwezi kuieleza.

Jumatatu, 19 Juni

Mikono ya Zena haina kasoro tena. Kasoro ni mimi kuwamo chumbani. Mtoto anajua nipo, amkubali mwingine kwa nini?

Baada ya magharibi nimewaacha ndani, nikatoka uani, nikafunga mlango. Kaniita. Mama. Mama yuwapi? Mama, ndoo huku! Nimeshika ukingo wa kisima. Tangu aanze kusema hajapata kuniita nisiitike. Leo sikuitika. Kalia mpaka sauti ikakwaruza. Kisha kwikwi. Kisha kimya.

Nimechungulia dirishani. Kalala mapajani kwa mamake, viganja viko wazi. Zena hakuthubutu hata kujisogeza.

Mvua imeninyeshea pale kisimani. Nimelia kama aliyefiwa.

Alhamisi, 22 Juni

Wamekwenda. Nimewafikisha kivukoni, sikuvuka nao. Zena kanikumbatia. Batuli nilimwambia aenda kuwaona nduguze. Sikumwambia atarudi lini na yeye hakuuliza. Feri ilipoondoka kanipungia mkono mara moja, akageuka kutazama magari.

Ijumaa, 23 Juni

Nimeamka alfajiri, nimeswali. Sikujua la kufanya baadaye.

Jumanne, 27 Juni

Sijala kitu cha maana. Majirani wanasema nimefanya jambo kubwa, nina thawabu. Nawaitikia. Wakiondoka najilaza kitandani mwake, miguu yanining'inia.

Namkasirikia Zena. Namkasirikia shemeji. Kisha nakumbuka hawakuniibia, hasira yote yakosa pa kwenda.

Jumapili, 2 Julai

Shemeji kapita, alikuwa na maziko huku Likoni. Kaleta salamu za Zena. Batuli hajambo. Alala usiku kucha, sahani zikianguka hageuki. Kisha kaongeza, kwa uso mkunjufu, kwamba mtoto hajaniulizia hata mara moja.

Maskini, alidhani ataniondolea wasiwasi. Nimesema alhamdulillahi, nikamtilia kahawa.