Bodi Nene za Chumba cha Mama

Baba Garam,

Fundi wa sakafu anakuja leo. ~~Mwambie aweke bodi nyembamba za kuzuia baridi chini ya mabomba ya maji moto yanayopasha sakafu joto.~~ Hapana, aweke nene.

Asubuhi nilimwambia mama yako kwamba nene zitainua sakafu ya chumba chake, atajikwaa mlangoni. Akanijibu, "Nyinyi mnalala kitandani. Mgongo unaolala sakafuni ni wangu." Kisha akaniuliza kama nangoja afe. Mimi niliogopa asianguke, basi!

Mwambie fundi ajenge kijimteremko pale mlangoni. Supu ya mwani iko jikoni, mpashie mama.

Akiuliza nani kachagua nene, sema ni wewe. Zikitoka kwangu atazikataa, nami nimechoka kubishana.

Mama Garam