Kichwa Chako Baada ya Mwanza

Mama Adela,

Hapa Kitanga tupo. Mimi mumeo ni mzima, meno ya kutafunia mahindi ya kuchoma ninayo, na shamba la mihogo nimelima mwenyewe bila kuita mtu. Vijana wakipita barabarani wananiangalia wanatikisa vichwa. Waache watikise. Hata hii naandika kwa mkono wangu. Mwalimu jirani yetu, yule wa kutoka Tanga, alitaka nimtajie maneno ayaandike yeye kwa sababu mwandiko wake ni mzuri. Nikamwambia mwandiko wake hukuwahi kuuona, utadhani barua si ya kwako. Wangu unachechemea lakini unafika.

Tangu tukuzike, mvua zile za mwaka 2013, kuna mambo yamebadilika. Jiko nimeliezeka bati. Kule mlimani wameweka mnara wa simu. Warundi wameanza kukimbia tena kwao, mabasi yanawapitisha kuelekea kambini na watoto wanachungulia madirishani. Kazi yako ya kupokea wageni mlangoni kanisani amepewa Mama Zabroni. Anasalimia kama mtu anayekimbia mvua.

Wewe ulikuwa unasalimia. Sisi Waha salamu hatuimalizi kwa kupungiana mikono. Unainama, unamshika mtu mikono, unasema mwakeye, halafu unaulizia nyumba nzima kwa majina, kuanzia mzee wa nyumba mpaka mtoto aliyezaliwa juzi. Ukiruka mmoja, wanakumbuka kwamba umemruka. Wewe hukuwahi kuruka. Nilikuwa nasimama pembeni nikiona fahari, ingawa najua mimi pia nilikuwa na majina mengi tu, pengine kukuzidi.

Halafu mwaka 2012 wakakukata ziwa lenye kansa kule Mwanza, wakakutundikia dripu ile nyekundu. Kwamba nywele zitaanguka, tuliambiwa. Kwamba kucha zitakuwa nyeusi, tuliambiwa. La kichwa hakuna aliyelitaja. Tukarudi nyumbani, nikakukuta umesimama kwenye migomba na jembe mkononi, ukaniuliza, "Baba Adela, huku nilikuja kufanya nini?" Nikadhani ni utani wako. Siku nyingine sufuria ipo jikoni, maji yanachemka peke yake, maharage bado yako kwenye ungo. Ukawa unaanza neno unaliacha njiani. "Nipe kile, kile cha kukatia," na kisu unakiona.

Ulinieleza mara moja tu. Ulisema ni kama kutoka juani ukaingia ghalani. Vitu vyote vimo, ila macho hayajazoea giza, na watu wamesimama mlangoni wanakuharakisha.

Yule daktari mama wa Kasulu, aliyehamia kutoka Dodoma, alituambia si kichaa. Alisema dawa za kansa zinaweza kuchosha kichwa namna hiyo, na ugonjwa wenyewe, na kukosa usingizi, na mawazo pia. Kwa wengi kinarudi polepole, alisema, wengine kinabaki na mapengo. Nikamwambia kama ni hivyo hakuna shida, mimi kichwa ninacho kinachotosha watu wawili. Wewe ukanifinya mkono. Daktari akacheka.

Na kweli kilitosha. Tukikutana na mtu njiani mimi natangulia kwa sauti: "Mama Hosea! Mwakeye! Hosea hajambo? Na Velonika ameshajifungua?" Wewe unafuata nyuma yangu kwenye majina yale yale, taratibu, na hakuna aliyejua. Walisema mengi. "Mzee siku hizi amekuwa redio." "Mkewe haruhusiwi hata kufungua mdomo." Mama Zabroni akasema tangu urudi kutoka Mwanza unawaangalia watu kama wageni. Sikumweleza mtu. Waliniita redio, nikawajibu ndiyo, na betri yangu haiishi.

Ila siku ile ya sokoni nilikuwa mbali, nabishana na mtu wa chumvi. Adela alikuwa amekuja kututembelea, mko naye. Akatokea Bibi Raheli. Ukamshika mikono vizuri kabisa, ukainama, ukaulizia watoto wake wote kwa majina bila kukosea, na mimi nikakusikia kwa mbali nikafurahi. Kisha ukasema, "Na mzee Filipo, hajambo?"

Mzee Filipo tulikuwa tumeshamzika. Wewe mwenyewe ulipika kwenye matanga yake.

Bibi Raheli alitoa mikono yake kwenye mikono yako kabla salamu haijaisha. Watu wote waliona. Unajua kwetu hilo ni zaidi ya kofi. Mmoja akasema, "Anamdhihaki mjane." Adela alikushika bega akakuondoa. Jioni ile ile akapanda gari akarudi kwake Kibondo.

Baadaye kansa ikahamia kwenye ini. Hayo mengine unayajua kuliko mimi.

Sasa nikwambie kilichonifanya nishike kalamu. Adela ana uvimbe. Kwenye ziwa, upande wa kushoto kama wako. Wewe wako uliuficha ndani ya kanga mpaka ukapasuka, yeye hakuficha, alikwenda ukiwa bado kama harage. Wakampima Mwanza, ni kansa. Wakamwambia arudi akatwe na aanze dripu. Akarudi Kibondo, akasema basi, haendi tena.

Alinipigia simu. "Baba, ile dawa sitaki. Ilimla mama kichwa." Unajua ananunua maharage kwa wakulima na kuuza pale sokoni. Anajua maharage ya nani hayajakauka na nani anachanganya mawe. "Duka langu ni kichwa," akasema. "Wakinipa ile dawa, nitauza nini?" Akakata simu. Nikapiga, hakupokea.

Nikapanda basi. Vumbi la njia ile halijabadilika. Nilifika kwa mkwe wetu Amosi bila kutoa taarifa, nikakaa uani kwenye kiti. Amosi, kijana wa watu, akachinja kuku. Nikamwambia sili.

"Baba, kuku ana kosa gani?"

"Kuku hana kosa."

Jioni ikaja, sili. Asubuhi uji ukaja, sinywi. Unajua maana ya mkwe kukataa chakula uani kwa mtu. Majirani wakaanza kupita wakijifanya wanaomba moto. "Amosi, umemfanya nini mzee wa watu?" Amosi akawa hajui atazame wapi. Adela akatoka ndani, kanga kiunoni, amekasirika kabisa.

"Baba, unanifunga kamba shingoni."

"Kamba iko wapi? Mimi sina njaa."

Uongo. Macho yalikuwa yanaona giza. Lakini nani aliwahi kunishinda kwa kukaa?

Akakaa chini mbele yangu. Ndipo akalitoa lenyewe. Akasema kufa haogopi sana, anaogopa siku ile ya sokoni. "Niliuona uso wake, Baba. Alikuwa anatafuta amekosea wapi, na hapaoni. Sitaki Jofrey na mdogo wake waje waone uso wangu hivyo."

Nikamwambia, "Uliona siku ile. Kesho yake hukuiona, ulikuwa umeshapanda gari."

Nikamweleza ambayo hakuwahi kuambiwa. Kwamba asubuhi uliamka ukakaa kitandani ukasema, "Filipo amekufa. Nilipika mimi." Kwamba nilikwambia tulia, nitakwenda mimi kukuombea radhi, ninajua kuongea. Ukanikatalia. Ukasema mdomo uliouliza ni wako. Ukavaa kitenge cha kanisani, ukaenda mpaka kwa Bibi Raheli peke yako, nyumba ambayo njia yake ina panda nyingi, na hukupotea. Nilikufuata kwa mbali kwenye mihogo, hukuniona. Uliingia. Mlikaa ndani mpaka jua likapanda. Mlipotoka alikuwa amekushika mikono, na mliagana kwa urefu kama wasichana. Na kwenye matanga yako Bibi Raheli alikaa jikoni anaosha masufuria mpaka siku ya mwisho.

Adela akafunga upya kanga yake. Kisha akasema, "Hamkuniambia."

"Hukuuliza."

"Na Bibi Raheli alimwambia nini?"

"Sijui. Mama yako alininyima mpaka anakufa."

Akacheka kidogo, kile kicheko chako cha puani, na machozi yamo. Akauliza kama dawa itamfanya hivyo hivyo. Nikamwambia sijui, huenda ndiyo, huenda kidogo, akamuulize daktari wala asimwonee aibu. Sikumwahidi kupona, kwa sababu mimi si mwongo. Akauliza, "Nikisahau kuwapa watoto chakula?" Nikamwambia watoto wa Amosi hawawezi kusahaulika, wanalia kama filimbi.

Akaingia ndani. Akatoka na ugali na yule kuku aliyepashwa moto. "Kula basi, Baba. Jumatatu naondoka. Ila tunakwenda wote, mimi na wewe. Amosi atanipa pole kutwa nzima, nitachoka." Nilinawa nikala, na Amosi akapumua kama mtu aliyetua gunia.

Basi, Mama Adela, ndivyo ilivyo. Kaburi lako nimelipalilia kabla ya safari, na shamba Hosea ataliangalia. Ulale vizuri, huku mbele niachie mimi.

Na hili nakuahidi. Unanijua, sijawahi kukubali mtu anikosee jina. Hata kiongozi mmoja wa wilaya alipolikosea mkutanoni nilisimama nikamsahihisha mbele ya watu, naye akaomba radhi. Lakini huko Mwanza dawa ikimwingia Adela akaniita Amosi, nitaitika. Akiniita Hosea, nitaitika. Na siku akifungua macho kwenye kile kitanda akaniita Mama, nitaitika, nitasogea karibu, nimuulize anataka nini.

Mimi mumeo,
Baba Adela