Hatua Ambazo Sikuzipiga

Jumatatu, 1 Septemba 2025

Niseme kabla sijafa, hata kama ni kwa karatasi tu. Miguu yangu imekwisha. Roselyne, binti yangu aliye Kitale, hajui.

Alinitengenezea kisanduku, kiko hapa kwenye stuli kando ya kitanda. Waya wake unatambaa sakafuni hadi mlango wa sebuleni. Kila nikipita mlangoni kinahesabu, na jioni kinamtumia ujumbe kwenye simu. Siku kikimwambia sipiti, anakuja na gari kunichukua. Tulikubaliana hivyo. Nilikuwa bado natembea — mjinga mimi!

Kwa sasa kinamhesabu Nanyama, jirani anayeniletea uji. Hakijui miguu ya nani ni ya nani. Hiyo ndiyo teknolojia wanayojisifia. Lakini Nanyama anataka kwenda Naitiri kwenye mazishi, na akienda mlango utanyamaza.

Sitaki Kitale. Kukaa kwenye kochi la watu kama gunia linalosubiri lori! Nitafia Bungoma, nyumbani kwangu.

Jumatano, 3 Septemba

Nimempigia Roselyne. Nimemwambia nimechoka kukaa bure, anifundishe kuandika programu ya vifaa hivi. Laptopu yake kuukuu si aliiacha hapa? Alifurahi mpaka sauti ikapanda. Anafundisha kompyuta sekondari, na hakuna aliyewahi kumwomba somo kwa hiari.

Ati variable ni kikombe chenye jina. Leo chai nusu, kesho kimejaa, jina ni lile lile. Vikombe! Mimi niliyefundisha aljebra tangu yeye hajazaliwa.

Kisha akaniandikisha hii: hatua = hatua + 1.

Nikamwambia mtoto wa darasa la saba akiniletea upuuzi huo namrudishia daftari usoni. Kitu kitakuwaje sawa na chenyewe na moja juu?

Akacheka. "Baba, hapo hatusemi ni sawa. Tunaweka. Chukua kilichomo kikombeni, ongeza moja, rudisha humo humo."

Basi wangetafuta alama nyingine. Watu wavivu. Wamechukua alama ya heshima wakaifanya mmiminaji wa chai.

Nimeelewa, lakini sikumwambia.

Jumamosi, 6 Septemba

Nimefanya. Kitandani, laptopu kifuani, kebo kwenye kisanduku. Nimefuta mstari unaouliza mlango kama kuna mtu amepita. Badala yake: kila muda kidogo ukipita, ongeza moja. Kisanduku kitatembea chenyewe. Mimi nitalala.

Jioni simu ikalia.

"Baba! Umepita mara moja tu leo? Uko kitandani?"

Moja! Nikadanganya kwamba nilikaa nje na wageni wa kanisa. Akaniuliza wageni gani. Nikamkaripia. Ukiwa mzee ukikaripia, watu hawaulizi tena.

Jumapili, 7 Septemba

Nimemuuliza Roselyne kwa mzunguko, kama mwanafunzi mwema. Mama, kwa nini hesabu ya mtu igome kwenye moja?

"Umeitangaza variable ndani ya mzunguko," akasema papo hapo. "Kila programu ikirudi juu inaleta kikombe kipya kitupu, unatia tone moja, inakitupa. Itangaze nje, juu kabisa. Hapo itakumbuka."

Nimeuhamisha mstari. Jioni ujumbe ukaenda na hesabu nzuri, ya mzee mwenye afya.

"Hongera Baba! Umetia bidii!"

Mwalimu wa kompyuta huyo. Amenipa kisu na kunionyesha pa kukata. Nilimdharau usiku kucha, nikalala vibaya.

Jumatano, 10 Septemba

Nanyama amesimama hapo na bakuli, anakohoa kikohozi cha mtu mwenye neno.

"Mwarimu, mazishi ni Ijumaa. Nitarudi Jumapiri. Si nimwambie tu Roselyne aje akae?"

"Usimwambie."

"Ati kisanduku kitakupea maji?"

"Nanyama, lile shamba mnalolima wewe na mumeo ni la nani?"

Akaweka bakuli kwa mikono miwili, kwa adabu, akatoka. Wanawake wa siku hizi wanajifanya wana huruma, kumbe ni udaku.

Roselyne amepiga. Alikuwa amepanga kuja wikendi, lakini kwa vile naendelea vizuri hivi, atabaki kusahihisha mitihani. Nikamwambia abaki. Nilisema vizuri sana, hata mimi ningejiamini.

Ijumaa, 12 Septemba

Nimeanguka. Chupa ya maji aliyoniachia Nanyama ilibingirika, nikaifuata kwa mkono, mwili ukaja wote. Nyonga ya kushoto — siwezi hata kuigusa. Nimevuta blanketi, kitabu hiki na kalamu vikaja nalo. Simu iko mezani inachaji. Meza iko mbali kama mji wa Kachibora.

Nimeita. Mvua inapiga mabati. Nani asikie?

Waya wa kisanduku unapita karibu na uso wangu. Nikafikiri: waya wa mlango ukikatika, hesabu itasimama, Roselyne atashtuka. Nimeuvuta kwa nguvu zote zilizobaki. Umechomoka kule mlangoni, nimeusikia.

Nikafurahi. Kisha nikakumbuka — programu haiulizi mlango tena. Mstari huo niliufuta kwa kidole changu hiki. Taa ya kijani inaendelea kupepesa juu ya stuli. Moja. Nyingine. Ninatembea, kulingana nayo. Leo nimetembea kuliko jana!

Stuli siifikii, na waya upande huo umebanwa chini ya mguu wa kitanda. Nimejaribu kuipiga kwa chupa. Mkono haunyooki.

Simu imelia mezani mara moja, mlio mfupi wa ujumbe. Kwa hiyo hesabu imeshafika Kitale, naye amejibu. Sihitaji kusoma. Ameniambia hongera.

Nataka aje anichukue. Nilitaka hivyo tangu wiki ile miguu ilipogoma, nikaona haya kumwambia