Kidonge Kidogo cha Mama

Jumatatu, 3 Machi
Mama amemeza dawa saa moja asubuhi, kabla ya uji. Nimeweka tiki kwenye kadi. Mwezi wa tatu wa dawa za kifua kikuu, hakuna siku iliyoruka. Kikohozi kimekwisha. Analalamika nyayo zinawaka.

Alhamisi, 6 Machi
Nyayo bado. Sasa na ganzi vidoleni. Ndala ilimtoka mguuni njia ya kisimani akaendelea kutembea bila kujua. Nimeiokota mimi. Sijapenda.

Jumamosi, 8 Machi
Anataka kuacha dawa. "Kifua kimepona, miguu ndiyo inakufa. Nimeze nini tena?"
Naogopa. Jirani yetu aliacha katikati. Kikohozi kilirudi, na dawa zilezile hazikumsaidia. Tumemzika. Nimembembeleza mama asubiri tufike zahanati. Amekubali kwa shingo upande.

Jumatatu, 10 Machi
Zahanati. Nesi kauliza kwanza kuhusu kidonge kidogo, cha vitamini B6. Alisema moja ya zile dawa kubwa huinasa vitamini hiyo mwilini, na mishipa ya fahamu inabaki na njaa. Nimemwambia anameza kila siku. Nimemwonyesha kadi. Mama alikuwa anatazama dirisha.
Nesi amekuna kichwa. Basi tatizo ni nini? Sukari? Nimerudi na hofu zaidi.
Jioni nimetoa daftari la Biolojia la kidato cha sita. Vitamini hii mwili huigeuza kuwa kisaidizi cha kimeng'enya, protini inayoharakisha kazi za mwili. Kisaidizi hakiingii na kukaa tu kama jiwe. Kikifika kwenye mfuko wa kimeng'enya hujishikiza, hujipinda, na kimeng'enya nacho hujikunja kukizunguka. Hapo ndipo kazi inaanza. Mwalimu wetu alitupa mfano wa mtoto na mbeleko: mtoto hupanua miguu na kujikunja, mbebaji naye huinama. Kisaidizi kikinaswa na dawa kabla ya kufika, mfuko unabaki mtupu.
Nimeelewa kila neno. Haijanisaidia. Kama anameza, kwa nini mfuko mtupu?

Jumanne, 11 Machi
Nimejua.
Nimemkuta mama nyuma ya banda anasaga kidonge kwa kijiko, anakitia kwenye maji ya vifaranga.
"Mama! Hicho ni chako!"
"Si vitamini tu? Hawa walilegea miguu. Watazame sasa wanavyokimbia."
"Na miguu yako?"
"Yangu ya kizee. Kuku watanunuliwa Dar es Salaam, mimi nani ataninunua?"
Nilicheka, kisha nikakasirika, kisha nikaona aibu. Kosa ni langu pia. Nilikuwa natazama vile vikubwa vyekundu vikishuka kooni, naweka tiki. Kile kidogo alikifumbata mkononi. Kadi safi, na nusu yake uongo. Nimempelekea nesi kadi ya uongo.

Jumatano, 12 Machi
Nimerudi kwa nesi na kusema ukweli. Nilitegemea kufokewa. Akamgeukia mama: "Kumbe kuku wako wana afya kuliko wewe, mama yangu?" Mama akacheka, akajifunika mdomo kwa kitenge.
Kisha hakukuwa na utani. Dawa zisiachwe hata siku moja. Kidonge kidogo kila siku. Ganzi huenda ikaondoka polepole, huenda ikabaki kidogo. Hakuahidi.
Njiani nimemweleza mama ule mfano wa mbeleko. Amesikiliza. Akasema, "Kwa hiyo mgongo upo, mtoto nilimpa kuku." Hasa.

Jumapili, 16 Machi
Anameza vyote mbele yangu, anafungua mdomo kwa dharau nione. Nyayo bado zinawaka. Nahesabu siku tano. Sina uhakika wa chochote.

Ijumaa, 28 Machi
Mvua imenyesha alfajiri. Mama ametoka uani peku. Amesimama kwenye matope muda mrefu, halafu akasema ni baridi.
Nimemuuliza mguu upi.
Yote miwili. Vidole viwili vya kushoto bado.